Posa ya Uhandisi wa Maji

Nchi hii haimo kwenye ramani, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta. Wenyewe waliomba itolewe, baada ya Wizara ya Mipaka kugundua kwamba mwananchi akishaiona ramani huanza kuuliza maswali. Ni nchi tulivu, yenye upepo mzuri na serikali inayowapenda watu wake kiasi kwamba haiwaachii jambo lolote la kujiamulia. Ikiwa inafanana na nchi unayoishi wewe, hiyo ni sadfa tu, na pole sana.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Bondeni, aliishi mwanamke aitwaye Siwatu ambaye hakujua kukaa kitako. Wenzake wa umri wake, waliokwisha kuvuka arubaini na kuyazoea maisha, jioni hukaa barazani wakanyoosha miguu. Siwatu akikaa, mara kasimama. Akisimama, mara kaenda mpaka kwenye bomba la mtaa, kaligonga kwa kidole, katega sikio, karudi. Yeye na shangazi yake, Bi Mashavu, walikuwa madobi. Walifua mashuka ya nyumba za wageni na kanzu za Ijumaa, na maji ya kufulia waliyanunua kwa wauza maji wa mikokoteni, kwa sababu bomba la Bondeni halikutoa kitu.

Lilizinduliwa na Waziri wa Maji kwa matarumbeta. Siku hiyo lilitoa maji mengi, safi, ya baridi, mpaka watu wazima wakalia kwa furaha. Waziri alipoingia garini likanyamaza, na tangu hapo halikusema tena.

"Yale maji yalitoka wapi?" Siwatu aliuliza ofisi ya kata, akajibiwa kwamba maji yamepumzika. Akauliza ofisi ya wilaya, akaambiwa maji yako kwenye mchakato. Akauliza Wizarani, akapewa fulana yenye picha ya bomba. Swali likamkalia kooni, akala nalo, akafua nalo, hata siku moja akalitua karai chini.

"Shangazi, nakwenda chuo kikuu. Nitasomea uhandisi wa maji."

Bi Mashavu alikuwa anakamua shuka. Hakuacha. "Na magoti hayo?"

"Magoti hayasomi."

"Na hesabu ulizoziacha shuleni huko, unadhani zimekusubiri?"

"Zitanikuta njiani."

"Haya. Nenda basi, maana hapa nyumbani umeshanichosha na hizo safari zako za kugonga chuma."

*

Katika nchi nyingine mtu akitaka kusoma huchagua fani, akapeleka maombi, yakaisha. Nchi hii ilikwisha kuvuka hatua hiyo ya kishamba. Waziri wa Elimu alikuwa amebaini kwamba wananchi wanachagua fani kihuni. Leo mtu yuko na kemia, kesho kaonekana na umeme, keshokutwa kaziacha zote mbili anauza mitumba. Fani zikawa zinatelekezwa ovyo. Ndipo Bunge likapitisha, kwa makofi, Sheria ya Uchumba wa Fani.

"Ndugu wananchi," Waziri alisema siku ile, huku akijifuta jasho la uzalendo, "fani ni mke! Fani ni nyumba! Huwezi kuingia kwenye fizikia kama unavyoingia hotelini, ukaagiza chai, ukaondoka. Wapo wanaotucheka leo. Nawaambia, kesho watakuja kuposa kwetu!"

Vijana waliomaliza shule waligawiwa fani katika uwanja wa mpira, kwa kuzungusha gurudumu, kwa hoja kwamba kijana hana analolijua. Mtu mzima, kwa heshima ya umri wake, alitakiwa apose. Atume mshenga kitivoni na halua na kahawa, akubaliwe au akataliwe, na akikubaliwa afungishwe ndoa na fani yake mbele ya mashahidi. Kupeleka posa nyumba mbili kulikuwa kosa la jinai. Na mtu mzima alioa fani moja tu maishani. Akikosea, basi, amekosea.

Kwa kuwa sheria iliandikwa na wanaume watupu, mwombaji aliitwa bwana harusi toka mwanzo hadi mwisho. Siwatu alipouliza kulikoni, karani wa chuo alimwambia kwamba yeye ni bwana harusi wa kike, na kama hapendi alalamike kwa maandishi, atajibiwa baada ya ndoa.

Kwanza alipita kwenye Kamati ya Tabia. Wajumbe walikaa nyuma ya meza ndefu yenye chupa za maji ya kununua, kila mjumbe na chupa yake. Mwenyekiti alimtazama Siwatu toka kichwani mpaka kwenye ndala.

"Mama, kwa umri huu si ungekaa ukalea wajukuu?"

"Sina wajukuu, mheshimiwa."

"Basi si ungeanza na hilo?" Wajumbe wakatikisa vichwa kwa busara hiyo. "Na ukishika madaftari, nani atapika nyumbani?"

"Kwani wewe ukikaa hapa mchana kutwa, kwako anapika nani?"

Kalamu zilikwaruza. Mjumbe mmoja aliandika kwamba mwombaji ana ulimi, akapiga mstari chini ya neno hilo. Halafu daktari wa Kamati akamtaka Siwatu apande na kushuka kwenye stuli ya maabara, maana stuli za maabara za nchi hiyo zilikuwa ndefu na watu wazima walizoea kuanguka. Siwatu alipanda na kushuka mpaka daktari mwenyewe akachoka kutazama.

"Mwisho," mwenyekiti akasema. "Kwa nini maji?"

"Nataka kujua yako wapi."

Mjumbe mmoja alikifunga kizibo cha chupa yake taratibu. Mwenyekiti akafikiri, akakohoa, kisha akamwambia karani aandike kwamba sababu ya mwombaji ni mapenzi.

*

Alipokuwa akingoja siku ya posa, mtaa mzima ulimchagulia. Jirani wa kulia alisema aoe umeme, kwa sababu umeme una watu wake huko juu. Jirani wa kushoto akasema madini, akakunja na kukunjua vidole kama anayehesabu pete. Muuza maji wa mkokoteni alimsihi asiiguse kabisa fani ya maji, tena kwa sauti ya kutaka kulia.

Zilikuwepo nyakati Siwatu alitikisika. Akianika nguo juani alijiuliza kama si afadhali kompyuta, mtu anakaa penye ubaridi, anabonyeza, analipwa. Moyo ukawa juu juu. Asubuhi ana umeme, mchana ana kompyuta, jioni hataki chochote, anataka kulala. Kisha anamwona shangazi yake akisuuza kanzu za watu kwa karai moja la maji, maji yenyewe yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, na mama wa watu anaomba radhi kwa kila kanzu anayoichovya. Hapo roho yake inarudi palepale.

Wala hakuruhusiwa kuuona mtaala. Mtaala wa kila fani ulifunikwa ushungi mpaka siku ya ndoa, kwa sababu kuuchungulia kabla ni utovu wa adabu. Mtu mmoja aliwahi kukamatwa dirishani akichungulia mtaala wa jiolojia. Alifungwa, na fani yenyewe ikasomewa dua.

Mshenga alikuwa Mzee Bushiri, jirani wa nyumba ya pili, mtu wa koti na bakora, ambaye posa zake hazikuwahi kurudi. Alikuwa na miiko yake. Mshenga haulizi njia, kwa sababu akiuliza ataonekana ametumwa na watu wasiojua wanachokitaka. Mshenga pia hamtaji mwali kwa jina, kwa sababu mwali si bidhaa. Siwatu alijaribu kumwambia kwamba hapa ni chuo, hakuna mwali, na ingefaa sana fani itajwe.

"Siwatu," mzee akasema, akiwa ameudhika kweli, "nimeoza nusu ya mtaa huu kabla hujajua kufunga kanga. Wewe ni bwana harusi. Kaa nje."

Akakaa nje. Tuseme alizunguka nje, kwa sababu mlinzi wa geti alimwomba mara nyingi atulie, na alipoona hatulii akaanza kumwogopa.

*

Yaliyotokea ndani Siwatu alisimuliwa na Bi Mashavu, ambaye alikuwa amebeba sinia la halua.

Vibao vya milango ya chuo vilikuwa vimebanduliwa vikapakwe rangi kwa ajili ya ziara ya Mheshimiwa Rais. Ziara iliahirishwa, na vibao vikabaki kwa fundi. Ukumbi mrefu, milango huku na huku, hakuna hata neno moja ukutani. Mzee Bushiri alisimama, akavuta pumzi, akatazama. Mwisho wa ukumbi palikuwa na mlango uliofifia rangi, umefungwa nusu. Katikati palikuwa na mlango wa mninga, na mbele yake zulia jekundu lililofagiliwa.

"Watu wa maana ni hawa," akasema, akaligonga zulia kwa bakora. "Hodi wenyewe!"

Akatoka mtu mnene mwenye suti, ana mkasi wa rangi ya dhahabu mfuko wa kifuani mahali ambapo wengine huweka kalamu. Alikuwa Profesa Mabruki. Aliwakaribisha kwa mikono miwili, akawakalisha kwenye makochi, akaulizia hali za nyumbani mpaka za kuku.

"Sisi wapita njia," Mzee Bushiri akaanza, sauti imeingia mahali pake. "Tumeona moshi unatoka nyumbani kwenu, tukajua hapa pana jiko. Tuna kijana wetu kule, analala njaa."

"Jiko lipo," Profesa akajibu, naye alijua mambo hayo. "Na huyo kijana wenu ana tabia gani?"

"Hatulii. Akilitaka jambo, hapumziki wala hapumzishi watu."

"Hao ndio tunaowatafuta! Kazi yetu ni ya mbiombio. Na anapenda nini hasa?"

Hapo Bi Mashavu akashindwa kujizuia. "Maji," akasema. Mzee Bushiri akamkanyaga mguu, lakini neno lilikwisha kutoka.

Profesa alicheka mpaka mkasi ukatikisika. "Maji! Mama yangu, katika chuo hiki chote hakuna wanaotoa maji kama sisi. Maji, umeme, barabara, zahanati, vyote vinatokea chumba hiki."

Basi wakaridhika. Halua ikaliwa, kahawa ikanywewa, mikono ikashikanwa. Mzee Bushiri akatoka ukumbini kifua mbele, na Profesa mwenyewe akawasindikiza hadi getini ili amwone bwana harusi.

"Hongera, binti yangu," akamwambia Siwatu. "Karibu sana Uhandisi wa Uzinduzi."

"Uhandisi wa nini?"

"Uzinduzi."

Siwatu akamtazama Mzee Bushiri, na Mzee Bushiri akatazama bakora yake. Bwana harusi akawapita wote, akaingia ukumbini mbio, hata mlinzi akamwacha, akafika kwenye ule mlango uliofifia na kuusukuma.

Ndani palikuwa na mzee mwembamba, Mwalimu Kitundu, mwalimu wa mwisho wa uhandisi wa maji. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi ikakolea, na mezani aliweka sinia lake mwenyewe la halua, amelifunika kwa kitambaa cheupe. Tangu sheria ipite hakuna aliyempelekea posa, na Kamati ilikuwa imemwarifu kwamba leo moja inakuja.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi, mwalimu."

"Nilisikia miguu ya watu. Nikasimama nivae koti. Kumbe wakaishia pale kati."

"Niandikishe, mwalimu. Sasa hivi. Nimekuja mwenyewe."

"Umekwisha kuposa kwingine, mwanangu, na halua imeliwa. Nikikupokea, tutafungwa sote wawili." Akalifunua sinia. "Lakini onja. Niliinunua kwa ajili yako."

Siwatu akatia kipande mdomoni. Alilia pale pale, mtu mzima, mdomo umejaa halua, wala hakujali nani anamwona.

*

Ndoa ilifungwa katika ukumbi wa chuo. Msajili wa Fani aliiuliza fani kama inamkubali Siwatu. Fani ikanyamaza, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa ni haya za mwali, vigelegele vikapigwa. Siwatu alipoulizwa, alitaka kusema hapana. Akakumbuka kwamba akisema hapana hataoa tena maisha yake yote, na chuo kitakuwa kimekwisha siku ileile kilipoanza. Akasema ndiyo kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

Ushungi ukaondolewa, akauona mtaala. Mwaka wa kwanza palikuwa na Nadharia ya Utepe, Makofi ya Awali, na Usafi wa Zulia. Mwaka wa pili palikuwa na Makofi ya Juu, na somo lililoitwa Lori na Ukuta.

Lori na Ukuta lilifundishwa na Profesa Mabruki mwenyewe. Alichora bomba ubaoni, nyuma ya bomba akachora ukuta, nyuma ya ukuta akachora lori la maji, akaviunganisha vyote kwa mpira mmoja mrefu.

"Mwanafunzi mjinga huuliza maji yatatoka wapi," akasema. "Mhandisi anauliza hotuba itachukua muda gani. Unakaa nyuma ya ukuta, mkono kwenye koki. Mimi nikipunga leso, unafungua. Mlango wa gari la Waziri ukifungwa, unafunga. Hapo umekamilisha mradi wa maji."

Darasa likaandika. Siwatu hakuandika. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Yale maji yaliyomnyima raha miaka yote, yale aliyoyagongea chuma jioni baada ya jioni, yalikuwa ni lori.

Alimwambia shangazi yake wakiwa wanakunja mashuka. Bi Mashavu akakunja shuka moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kwa hiyo mimi siku ile nililia machozi kwa ajili ya lori," akasema.

"Naacha, shangazi. Kesho siendi."

"Ukiacha utasoma nini kingine?"

"Hakuna. Wanaruhusu moja tu."

"Basi maliza hiyohiyo. Angalau mmoja wetu ajue tunavyofanywa."

Akamaliza, tena kwa sifa. Kutotulia kwake, ambako Bondeni kulionekana ni maradhi, huku kulikuwa kipaji. Siwatu yuko kwenye zulia, Siwatu yuko kwenye utepe, Siwatu yuko juu ya mnara anapima mwangwi wa makofi. Profesa Mabruki akampenda kama binti yake. Alimwahidi kazi Wizarani, na pamoja na kazi, nyumba ya mhandisi wa uzinduzi, yenye bafu, beseni na bomba linalotoa maji ya kweli saa zote. Siwatu alichukia alivyoitamani ile nyumba. Alijiona yuko humo na shangazi yake, wamefungua bomba mpaka mwisho, wanasuuza kanzu moja kwa maji ya kanzu kumi. Akiwaza hivyo hawezi kukaa, anatoka nje, anaranda.

Ulibaki mtihani mmoja, wa vitendo. Profesa akatangaza mahali: Bondeni, bomba la mtaa, Uzinduzi Awamu ya Pili.

*

Siku hiyo Bondeni palipambwa mpaka pakawa hapajijui. Mashimo yalifunikwa kwa mazulia. Watu walipangwa kwa urefu, wafupi mbele, na kila mmoja alipewa ndoo mpya yenye picha ya Waziri, irudishwe baadaye. Siwatu alikaa nyuma ya ukuta, mkono kwenye koki, lori limejaa pomoni ubavuni mwake. Ukutani palikuwa na tundu la kuchungulia, na kupitia tundu hilo alimwona Bi Mashavu mstari wa mbele, amefunga kitambaa cha sikukuu, ndoo kifuani.

Waziri wa Maji alihutubia kirefu. Alisema maji ni uhai. Alisema uhai ni maji. Alisema serikali imeamua, kwa makusudi kabisa, kwamba kiu sasa basi.

Kisha akalishika bomba, akainua bilauri ya kioo ili wapiga picha waione. Profesa akapunga leso.

Siwatu akautoa mkono kwenye koki. Aliona nyumba yenye maji ikienda zake. Aliona miaka ya chuo ikienda zake. Akakunja mikono kifuani ili isimsaliti, akasema kwa sauti, "Leo waone."

Waziri alifungua bomba. Bomba likakohoa hewa, likanyamaza. Leso ya Profesa ikapunga kwa wazimu. Wapiga picha walikuwa tayari. Waziri alilitazama bomba, akawatazama watu, akaitazama bilauri. Halafu akaiinua bilauri tupu mdomoni, akanywa taratibu, koo likapanda na kushuka, akafuta masharubu kwa mgongo wa mkono.

"Matamu!" akasema.

Makofi yalitikisa mtaa. Watu wakapanga foleni. Kila mmoja aliweka ndoo chini ya bomba, akangoja kiasi cha ndoo kujaa, akajitwika, akaondoka akitembea kwa uangalifu asimwage. Maaskari waliwaangalia, na kamera ziliwaangalia. Bi Mashavu naye ilipofika zamu yake akaweka ndoo, akangoja, akainama kuinyanyua kwa mikono miwili, akaguna kwa uzito, akajitwika.

Profesa Mabruki akatokea nyuma ya ukuta anahema. Siwatu akafumba macho, akingoja matusi. Akakumbatiwa.

"Bila lori!" Profesa alikuwa analia. "Miaka yote tunahangaika na malori na mipira, kumbe hayahitajiki! Binti yangu, umefanya ugunduzi! Alama zote ni zako! Somo hili utalifundisha wewe!" Akambusu kipajini, akakimbilia kwenye hema la pilau kumpa Waziri habari njema.

Siwatu alibaki amesimama. Alijisikia vibaya kuliko siku yoyote aliyowahi kuijua, vibaya kuliko siku ya halua. Halafu akauzunguka ukuta mbio, akamkimbilia shangazi yake, akamkuta katikati ya msururu wa watu, shingo imenyooka, jicho mbele.

"Shangazi! Ndoo tupu hiyo!"

"Najua," Bi Mashavu akasema bila kugeuza kichwa. "Nyamaza mpaka tupite kona."

Wakapita kona. Hapo hapakuwa na askari wala kamera. Msururu wote ukasimama, na ndoo zikashushwa moja moja, zikagonga chini kwa mlio wa kitu kitupu. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

"Ni mimi," Siwatu akasema. "Nilikataa kufungua. Nilidhani mtazomea."

"Tuzomee, maaskari wale pale?" Bi Mashavu akakifungua kile kitambaa cha sikukuu, akajifuta uso nacho. "Wewe ulikataa ukiwa nyuma ya ukuta, mwanangu. Sisi tulikuwa mbele." Kisha akamgeukia, kama mtu aliyejiwa na wazo. "Hukufungua kabisa?"

"Kabisa."

"Kwa hiyo hilo lori..."

"Limejaa," Siwatu akasema, na alipojisikia anasema hivyo, naye ndiyo kwanza akaelewa. "Limejaa mpaka juu."

Hawakuambizana. Kila mmoja alichukua ndoo yake, wakarudi kwa njia ya uchochoroni, wakatokea nyuma ya ukuta. Dereva wa lori hakuwa amealikwa kwenye pilau. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori lake, anachokoa meno.

"Chukueni," akasema. "Mimi nimeagizwa nilirudishe tupu."

Siwatu akaishika koki kwa mikono miwili, akaifungua mpaka mwisho. Maji yalipiga kwenye ndoo ya kwanza kwa kishindo, watu wakaguna, kisha wakaanza kucheka, wakasukumana, wakalowana. Bi Mashavu alitia mikono yake yote miwili kwenye maji yale, mpaka kwenye viwiko, akaikalisha humo bila kuosha chochote. Lakini lori ni lori. Kabla nusu ya watu hawajapata, mpira ulikohoa, ukadondosha matone, ukakauka.

Wakabaki wanautazama. Bi Mashavu akamgeukia Siwatu.

"Sasa hili lori," akauliza, "lenyewe hujazwa wapi?"

Siwatu alikuwa amesoma Utepe, Zulia, Makofi ya Awali na Makofi ya Juu, akapata alama zote, na hilo hakuna aliyewahi kumfundisha. Akamgeukia dereva.

"Bustanini, Wizara ya Maji," dereva akasema, akaonyesha kwa kidevu. "Kuna bomba pale linamwagilia majani. Halifungwi."

"Usiku na mchana?"

"Majani yale ya kigeni. Hayavumilii kiu."

Bi Mashavu aliyamimina maji yake kwenye ndoo ya jirani aliyekosa, akaipindua ya kwake, akaikung'uta, akaitia mkononi.

"Wewe mhandisi," akamwambia Siwatu, "njia ya Wizarani si unaijua? Tangulia."

Kutoka hemani Profesa Mabruki alikuwa anaita jina lake, ana sahani ya pilau mkononi, Waziri amesimama nyuma yake tayari kumpa mkono. Siwatu alisikia, na alijua kwamba asipogeuka, shahada imekwenda, nyumba na bafu lake imekwenda, na hakuna fani nyingine ya kuoa. Akaiokota ndoo moja iliyobaki chini, akatangulia.

Taarifa ya habari ya jioni ilisema kwamba wananchi wa Bondeni walifurahishwa mno na maji yao mapya, hata wakaandamana na ndoo mikononi mpaka Wizarani kutoa shukrani. Haikueleza kwa nini geti la Wizara lilifungwa mapema siku ile, wala ni mhandisi gani mwenye ndoo aliyekuja kulifungua.